Matembezi ya selimundu: jinsi ya kuyapanga kuanzia barua ya polisi hadi meza ya vipimo

Selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu mitaani, ina siku yake duniani: Juni 19, iliyotengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2008. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 11,000 hivi kwa mwaka. Ndiyo maana Juni ikifika wazazi, wagonjwa, wauguzi na wanafunzi wa vyuo vya afya huvaa fulana nyekundu na kuingia barabarani.

Ugumu wake uko hapa. Kiu, jua kali, baridi, uchovu na mbio ndivyo vinavyoamsha maumivu ya selimundu, na vyote hupatikana bila kutafutwa katika matembezi yaliyopangwa vibaya. Chembe nyekundu ya damu yenye himoglobini S (protini ya kubeba oksijeni, ya aina inayoleta selimundu) ikipungukiwa oksijeni au maji hujikunja mithili ya mundu, ikakwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele ikakosa damu. Mtu aliyetoka kwake asubuhi akiwa mzima anaweza kulazwa jioni. Kamati inayochukua mpango wa mbio za hisani za kilomita tano na kubadilisha jina tu kwenye bango inawaweka hatarini watu wale wale inaowasemea.

Kwa hiyo kila uamuzi upimwe kwa maswali mawili. Je, mtoto wa miaka minane mwenye SS, yaani aliyerithi S kwa baba na kwa mama (AS amerithi S moja tu, AA hana), ataweza? Na je, mtu aliyesimama kando ya barabara ataondoka akijua akapimwe wapi?

Siku na saa

Juni 19 ikiangukia siku ya kazi, sogezeni hadi Jumamosi iliyo karibu. Ijumaa msafara ukichelewa hugongana na swala. Jumapili asubuhi sehemu kubwa ya watu mnaotaka kuwafikia wako kanisani. Angalieni na kalenda ya shule. Shule nyingi za Tanzania huwa kwenye likizo ya katikati ya mwaka mwezi huo, na kamati iliyotegemea wanafunzi 200 wa sekondari ya jirani hujikuta na bendi na bango tu. Vijana watafutwe kwenye kwaya, madrasa, skauti na vyuo.

Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na mikoa ya Kanda ya Ziwa, anzeni saa 1:00 asubuhi ili saa 2:30 kila mtu awe chini ya turubai. Njombe, Makete na Mbeya ni kinyume chake: Juni ni baridi kali, na kumkusanya mtoto wa selimundu uwanjani alfajiri ni kumtafutia maumivu. Huko msafara uanze saa 3:30, jua likishapasha, na watu waje na masweta. Watu huona vibaya kufunika fulana mpya yenye maandishi, basi agizeni saizi kubwa ili ivaliwe juu ya sweta.

Barua

Tanzania sheria inamtaka mwandaaji awape polisi taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, ikieleza mahali, saa na madhumuni. Barua huenda kwa mkuu wa polisi wa eneo, kwa kawaida OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Saa 48 ni kiwango cha chini tu. Ipelekeni wiki tatu kabla, kwa sababu mabadiliko ya njia ndiyo huchukua muda. Kenya utaratibu ni tofauti: notisi hupelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, na matembezi yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Huko kuwahi mno nako ni kosa.

Ukurasa mmoja unatosha: madhumuni (matembezi ya kuelimisha jamii kuhusu selimundu, hayana itikadi ya chama), tarehe, saa ya kuanza na ya kutawanyika, idadi ya watu, njia mtaa kwa mtaa, makutano yanayohitaji trafiki, na majina na simu za watu wawili wanaopatikana. Ambatisheni mchoro wa njia uliochorwa kwa mkono. Husomwa haraka kuliko maelezo. Nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, kwa mtendaji wa kila kata ambayo njia inapita, na kwa wenyeviti wa serikali za mitaa. Kila nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, na siku yenyewe mtu mmoja atembee nazo kwenye bahasha. Askari aliye zamu barabarani mara nyingi siye aliyeisoma barua.

Mganga Mkuu wa Wilaya aandikiwe barua yake, asipewe nakala tu. Nakala hugongwa mhuri na kuingia kwenye faili. Kwake mnaomba vitu vinne kwa majina: kibali cha kupima nje ya kituo, wataalamu wa maabara, washauri nasaha, na gari la wagonjwa lenye dereva na muuguzi.

Njia

Kilomita mbili, mbili na nusu ikizidi. Wagonjwa wasitembee zote: watangulie kwa magari hadi mita 500 kabla ya mwisho, wakae kivulini, wanywe maji, kisha waungane na msafara unapofika na wauongoze hadi uwanjani. Mtu mzima mwenye selimundu anayejijua na anayetaka kutembea kutoka mwanzo asizuiwe, ila apewe mwenzake wa kuandamana naye na ajue bajaji iko wapi. Mtoto aliyelazwa au kuongezewa damu wiki chache zilizopita, au aliyeamka na homa, asitembee kabisa. Ana kiti chake uwanjani.

Pitieni njia hiyo kwa miguu wiki moja kabla, siku na saa ile ile. Sokoni Jumamosi asubuhi siyo sokoni Jumanne mchana. Andikeni vivuli viko wapi, vyoo viko wapi, barabara inainuka wapi, malori hushusha mizigo wapi. Kwa kuwa magari yetu hukaa kushoto, njia yenye kona za kushoto tupu haimlazimishi trafiki kusimamisha pande zote mbili za barabara. Kona moja tu ya kulia kwenye makutano makubwa huhitaji askari zaidi kuliko njia nzima.

Piteni penye watu: soko, stendi, vijiwe vya bodaboda, maduka ya nguo, saluni. Barabara pana ya maofisi inapendeza kwenye picha, lakini Jumamosi asubuhi haina mtu wa kuelimisha.

Hesabu ya urefu wa msafara ni rahisi na inawasaidia trafiki. Watu 200 wakipangwa wanne wanne ni safu 50. Kila safu ikichukua mita mbili, msafara una urefu wa mita 100. Kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, yaani mita 50 kwa dakika, unavuka makutano kwa dakika mbili. Watu 400 ni dakika nne, na dakika nne madereva hawavumilii: wataingiza pikipiki katikati. Mkizidi 250, gawanyeni makundi mawili yenye nafasi ya mita 60 katikati ili magari yapite kati yake.

Mpangilio barabarani

Kosa linalorudiwa mno ni kuweka bendi ya matarumbeta mbele kabisa. Wapigaji ni vijana wenye nguvu, mdundo wao ni wa mchakamchaka, na baada ya mita 300 msafara umekatika: mbele wanaruka, nyuma akina mama wenye watoto mgongoni wanakimbia kuwafikia. Mbele liwepo bango kuu, likifuatiwa na wasio na haraka, yaani wazee, wajawazito, wazazi wenye watoto. Bendi ikae baada yao. Hapo haiwezi kwenda kasi kuliko walio mbele yake. Mpeni kiongozi wa bendi kasi ya hatua 90 hivi kwa dakika, mfanye naye jaribio siku moja kabla.

Baada ya bendi waje vikundi vya vyuo, wafanyakazi, skauti. Nyuma kabisa bajaji mbili au tatu za kuwabeba waliochoka, kisha gari la wagonjwa. Magari hayo yasiwe na mabango ya kuziba milango. Wagonjwa wasipandishwe kwenye lori la wazi: upepo wa asubuhi na kusimama muda mrefu ni mzigo mwingine.

Wasimamizi: mmoja kwa kila watu 25, wenye vizibao vya reflekta, wanaotembea upande wa magari na si ndani ya safu. Wawili kati yao wana kazi moja tu, kukaa na safu ya mwisho. Kama hakuna redio za mkononi, kikundi cha simu kinatosha, lakini kelele ya bendi huzima mlio wa simu; kubalianeni ishara za mikono. Mkono juu umekunjwa ngumi ni simama. Kitambaa cheupe kinachopungwa ni kuna mgonjwa.

Mkikuta turubai la msiba mtaani, bendi inanyamaza mita 100 kabla na kuanza tena mita 100 baada. Vivyo hivyo kwenye wodi za hospitali na msikiti wakati wa swala. Msimamizi mmoja atangulie na pikipiki dakika 20 mbele kukagua mambo hayo, maana misiba haikuwepo mlipokagua njia.

Maji, choo na huduma ya kwanza

Kila mtembeaji nusu lita kwa saa; mwenye selimundu lita moja, na aanze kunywa kabla hajaondoka nyumbani. Kwa watu 250, wakiwemo wagonjwa 40, hiyo ni lita 145 kwa saa moja ya kutembea, na zidisheni mara tatu kwa sababu uwanjani watakaa saa nyingine mbili. Hesabuni kwa lita, siyo kwa katoni, kwa kuwa idadi ya chupa kwenye katoni hutofautiana. Mitungi ya lita 20 yenye koki na vikombe vya mtu binafsi hupunguza gharama na takataka. Maji yawe ya kawaida, yasiyotoka kwenye barafu. Na asiwepo wa kumwagia watu maji kwa furaha pale uwanjani. Kwa mwenye selimundu kulowa kisha kupigwa na upepo ni kichochezi cha maumivu.

Vituo vya maji viwe vitatu: mwanzoni, katikati penye kivuli, na pale wagonjwa wanapoungana. Katikati simameni dakika tano nzima. Kituo ambacho msafara unakipita bila kusimama hunywesha walio pembeni tu.

Choo husahaulika, na kwa ugonjwa huu ni suala la tiba. Figo za mwenye selimundu hushindwa kuukoleza mkojo vizuri, kwa hiyo hukojoa sana na hupoteza maji haraka. Mtoto akijua hakuna choo, au kipo kichafu, ataacha kunywa. Wasichana na akina mama ndio huacha mapema zaidi. Ongeeni na shule, msikiti, kanisa au kituo cha mafuta katika kila kituo cha maji, mlipie usafi, mweke sabuni na mtu wa kuelekeza.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na kipimajoto, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, parasetamoli, maji ya ORS, glavu, blanketi mbili na vifuniko vya vidonda. Barafu ya kukandia misuli isitumike kwenye maumivu ya selimundu. Joto ndilo hutuliza. Wazazi waje na dawa za kawaida za mtoto na kadi ya kliniki.

Anayepata maumivu anatolewa kwenye msafara mara moja, anakalishwa kivulini, anapewa maji na dawa ya maumivu aliyoizoea, anafunikwa akihisi baridi. Asiposikia nafuu ndani ya nusu saa, hospitali. Dalili zifuatazo hazisubiri nusu saa: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kuvurugika, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, kupauka kusiko kwa kawaida, na tumbo kuvimba upande wa kushoto juu kwa mtoto mdogo, ambako bandama huweza kujaa damu ghafla. Dereva wa gari la wagonjwa awe ameshaambiwa hospitali gani, na hospitali iwe imeshaarifiwa siku moja kabla. Msianze kupiga simu mtu akiwa tayari amelala chini.

Mabango, fulana na sauti

Herufi zenye kimo cha sentimita 10 husomeka vizuri kwa mita 12 hivi. Ng'ambo ya barabara pana tayari inataka 15. Bango la mita tatu kwa moja linabeba maneno sita hadi nane, siyo nembo kumi na mbili za wafadhili. Nembo wekeni kwenye bango la uwanjani. Lile la barabarani liseme kitu ambacho mtu atakikumbuka akifika nyumbani, kwa mfano:

- Selimundu hurithiwa kwa baba na mama
- Pima kabla ya kuoana: AA, AS au SS?
- Mtoto kuvimba vidole, macho ya njano? Apimwe
- Siyo laana. Haiambukizi. Ina matibabu

Kila bango la pili liwe na mahali na siku ya kliniki. Epukeni picha za watoto waliokonda wakilia, na maneno kama "wahanga". Wagonjwa watakuwa wanatembea nyuma ya bango hilo. Epukeni pia "Tokomeza selimundu": jirani huelewa kwamba wanaotakiwa kutokomea ni wenye nayo.

Bango la kitambaa hubebwa na watu wawili pembeni na wa tatu katikati nyuma, la sivyo hukunjika na picha zote huonyesha "Seli" na "ndu". La plastiki likatwe vitundu vya nusu mwezi upepo upite. Vibao vya mkononi vya manila havihitaji fimbo. Fimbo nene huwapa polisi wasiwasi usio wa lazima na huwaumiza watoto.

Fulana hula bajeti kuliko kitu kingine chochote, na ndizo za kwanza kupunguzwa fedha zikipungua. Watu 250 wakivaa nguo nyekundu walizonazo, na wasimamizi na wagonjwa peke yao wakiwa na fulana zilizochapishwa, msafara bado unaonekana. Mkichapisha, maneno makubwa yawe mgongoni: aliye kando ya barabara huiona fulana kwa muda mrefu zaidi ikimwacha kuliko ikija. Kitambaa cha polista huzuia jasho na kuchemsha mwili. Pamba ni bora. Nyekundu ya bei ya chini huchuja rangi, basi waambieni watu waifue mara moja kabla.

Kirikuu chenye spika mbili kinatosha. Spika zielekee pembeni, si nyuma kwenye vichwa vya watoto. Kwa mwendo wa mita 50 kwa dakika, mwenye duka husikia maneno vizuri kwa dakika moja na kidogo, kwa hiyo tangazo liwe la sekunde 20, lirudiwe, lisiwe hotuba:

"Selimundu ni ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa wazazi wote wawili. Wazazi wote wakiwa na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na SS. AS siyo mgonjwa. Leo vipimo ni bure uwanjani hadi saa 6 mchana."

Mshereheshaji aliyezoea harusi ataongeza utani wake. Apewe karatasi, aisome ilivyo.

Vipeperushi viwe vidogo, robo ya karatasi ya A4, na vigawiwe na jozi nne za watu walio nje ya msafara: mmoja anatoa, mwenzake anajibu maswali. Mkivikabidhi kwa watembeaji, vyote huishia mifukoni mwa watembeaji. Kijiwe cha bodaboda ni mahali pazuri pa kusimama dakika mbili. Vijana wako kwenye umri wa kuoa na huuliza maswali ya kweli.

Meza ya vipimo

Kwanza kipimo chenyewe. Kile cha zamani cha sikling huonyesha kama himoglobini S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS, na mtu aliyeambiwa "umekutwa na siko seli" uwanjani huenda nyumbani akiamini anakufa. Tumieni vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyotenganisha A na S na kutoa jibu ndani ya dakika chache. Anayekutwa na SS apelekwe kuthibitisha kwa elektroforesisi (kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini) au mashine nyingine ya hospitali. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu asipimwe siku hiyo: damu ya mchangiaji hupotosha jibu. Watoto wachanga wapewe rufaa ya kliniki badala ya kupimwa uwanjani, kwa kuwa damu yao bado imejaa himoglobini ya tangu tumboni mwa mama.

Kinachokwamisha foleni mara nyingi ni ushauri, vipimo vinakuwepo. Kuchoma kidole ni dakika mbili. Kumweleza mtu mwenye AS kwamba si mgonjwa, kwamba mwenza wake naye apime, na kwamba hakuna anayemkataza kuoa, ni dakika kumi. Kumweleza AA ni dakika tatu. Chukueni wastani wa dakika sita: mshauri mmoja huhudumia watu kumi kwa saa, washauri watatu kwa saa tatu ni watu 90. Basi leteni vipimo 90, hata kama mmepewa 300. Vilivyobaki viende kliniki, na watu wanaozidi wapewe kadi yenye tarehe na jina la kituo. Kupima 300 na kuwapa majibu kwenye vikaratasi bila maelezo ni kuzalisha uvumi mtaani.

Pangeni meza kwa mstari: usajili, kuchoma kidole, viti vya kusubiri vyenye maelezo ya kundi, kisha ushauri nyuma ya pazia. Anayetoa jibu akae mita tano kutoka kwenye spika na foleni. Glavu hubadilishwa kila mtu, sindano huingia kwenye kisanduku cha usalama, na kisanduku hurudi kituoni kuchomwa. Kisibaki na kamati.

Jibu halitangazwi kwenye kipaza sauti hata kama mwenyewe anafurahi. Familia isisomewe majibu kwa pamoja. Inatokea mtoto akakutwa na SS na baba AA, na mshauri asiyejiandaa anaweza kuvunja ndoa kwa sentensi moja. Kipimo cha haraka hakitoshi kutoa hukumu yoyote hapo: kinaweza kukosewa, na hakioni thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambao mzazi anaweza kuubeba akakutwa na A tu. Mtoto hupewa rufaa ya hospitali, na mazungumzo huishia hapo.

Anayekutwa na SS asiondoke na kipeperushi peke yake. Aandikwe jina na simu, apewe tarehe ya kliniki ndani ya wiki moja, na aelezwe kwa ufupi yaliyopo: foliki asidi, penisilini ya kumeza kwa watoto chini ya miaka mitano, kinga ya malaria na chandarua, chanjo, na haidroksiyurea ambayo daktari akiianzisha hupunguza maumivu na mahitaji ya damu.

Wataalamu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kuchangia damu, wakija ni jambo jema, kwa kuwa wagonjwa hawa huongezewa damu mara kwa mara. Wapewe turubai lao mbali na meza ya vipimo. Mtembeaji asichangie akitoka tu barabarani. Ale, anywe, apumzike nusu saa.

Mgeni rasmi

Asipewe kazi ya kuanzisha matembezi. Akichelewa saa moja na nusu, na hilo si jambo la ajabu, wagonjwa watakuwa wamesimama juani muda wote huo. Apokee msafara uwanjani. Akiwa bado hajafika, vipimo vinaanza, watoto wanakunywa uji, hakuna kinachoharibika. Wakati wa hotuba wagonjwa wakae kwenye viti chini ya turubai, wasipangwe mstari wa kusimama kama gwaride.

Risala iwe ya dakika tano na isomwe na mgonjwa au mzazi. Iombe kitu kimoja au viwili vinavyoweza kufanywa na aliyepo: haidroksiyurea isikatike kwenye duka la dawa la hospitali ya wilaya, au kliniki ya selimundu iwe na siku yake kila wiki. Ukiorodhesha maombi tisa, kiongozi atajibu "tumeyapokea" na kukaa. Picha za watoto zipigwe kwa idhini ya mzazi iliyosainiwa, na jina la shule lisionekane kwenye sare.

Siku zinazofuata

Jioni hiyo hiyo fagieni njia na uwanja, hasa chupa. Siku inayofuata wapigieni wazazi wa kila mgonjwa aliyehudhuria, kwa sababu maumivu huweza kuanza usiku au kesho yake. Ndani ya siku saba rudisheni ripoti ya ukurasa mmoja kwa OCD, Mganga Mkuu na watendaji wa kata, yenye idadi tu: waliotembea, waliopimwa, AA, AS, SS, waliopewa rufaa. Majina yasiwemo.

Mtu mmoja wa kamati akabidhiwe orodha ya waliokutwa na SS, aifungie kwenye kabati la kituo cha afya na si kuiweka kwenye simu yake, na afuatilie nani amefika kliniki. Asiyefika baada ya wiki mbili apigiwe; akikosekana, mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee bila kuvaa fulana ya selimundu, majirani wasije wakajua.